Kupima Njia za Mbio za Barabarani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mkimbiaji akishavuka mstari wa mwisho hutazama saa ya waandaaji, kisha hutazama saa yake ya mkononi. Muda unakaribiana, ila umbali haulingani. Maswali mengi tunayoulizwa sisi tunaopima njia za mbio huanzia hapo. Majibu haya ni ya wakimbiaji, makocha na waandaaji. Mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe linahitaji maelezo. Mengine yanatosha kwa mstari mmoja.

Njia ya mbio ikisemwa "imethibitishwa", maana yake nini?

Maana yake mpimaji aliyeidhinishwa ameipima kwa baiskeli yenye kaunta maalumu, akifuata njia fupi kuliko zote ambayo mkimbiaji anaweza kuipita kihalali, kisha akaandika kumbukumbu zinazomwezesha mtu asiyewahi kufika hapo kuitandika njia ile ile bila kukosea. Jambo hilo la mwisho watu hulisahau. Kipimo kisicho na ramani, alama na maelezo ya mahali hubaki kuwa namba kwenye karatasi.

Kanuni ya World Athletics, shirikisho la riadha duniani, inasema mambo mawili kuhusu urefu. La kwanza, njia isiwe fupi kuliko umbali uliotangazwa. La pili, wasiwasi wa kipimo, yaani kiasi ambacho kipimo kinaweza kukosea, usizidi asilimia 0.1, ambayo ni mita 42 kwa marathoni. Yasome yote mawili kwa pamoja utaona kipimo hiki kimeegemea upande mmoja: kuzidi kidogo kunavumiliwa, kupungua hakuvumiliwi kabisa. Karibu kila jibu lililo hapa chini linatokana na hilo.

Kwa nini mnatumia baiskeli wakati setilaiti zipo?

Kwa sababu baiskeli ni sahihi zaidi kwa kazi hii. Mpimaji mzoefu akiipima marathoni mara mbili, vipimo vyake hutofautiana kwa mita chache tu. Kifaa cha GPS cha mkononi hakifiki hapo, hasa palipo na majengo marefu, miti mizito, madaraja na mahandaki.

Baiskeli ina sifa nyingine ambayo vifaa vingi havina: inapita pale pale mkimbiaji anapopita. Inaweza kuukumbatia ukingo wa kona, kukata barabara kwa mshazari kutoka kona ya kushoto kwenda ya kulia, na kupenya palipo pembamba. Gari haliwezi. Na gurudumu lake, tofauti na lile dogo la kusukuma kwa mkono, lina upepo na uzito wa mtu juu yake, kwa hiyo halirukiruki kwenye kila kokoto.

Njia hii si ngeni. Mwingereza John Jewell aliandika kuihusu mwaka 1961, na mwaka 1964 Ted Corbitt, Mmarekani aliyekimbia marathoni ya Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952, akaieneza nchini kwake. Vifaa vimebadilika tangu hapo, lakini hesabu ni ile ile.

Kaunta ya Jones ni kitu gani?

Ni kifaa kidogo chenye gia na tarakimu kinachofungwa kwenye ekseli ya gurudumu la mbele. Kilibuniwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970 na Alan Jones pamoja na mwanawe Clain. Gurudumu likizunguka, tarakimu zinapanda. Kwa baiskeli ya kawaida hupanda takribani mara 11 kwa kila mita moja, maana yake kila hesabu moja ni kama sentimita 9 za barabara. Hakina betri wala hakitafuti mtandao, nacho hakijui mita ni nini. Hilo sisi ndio tunalifundisha, kwa kalibresheni, yaani kwa kuipanda baiskeli kwenye mstari ambao urefu wake tunaujua.

Kalibresheni inafanywaje?

Kwanza unatafuta barabara iliyonyooka na tambarare, isiyo na magari mengi, yenye lami inayofanana na ya mbio. Unapima hapo mstari wa kipimo wa mita 300 au zaidi kwa tepu ya chuma, ukiivuta kwa nguvu inayotakiwa, na unapigilia misumari kwenye lami mwanzo na mwisho. Tepu ya plastiki au ya kitambaa haifai kwa sababu inavutika. Vifaa vya kupimia umbali kwa mwanga, kama wanavyotumia wapima ardhi, vinakubalika pia vikitumiwa na anayevijua.

Kisha unaupanda mstari ule mara nne kabla ya kwenda kupima njia, na mara nne nyingine ukirudi. Kila mara unasoma kaunta mwanzo na mwisho. Ukiona safari nne zinatofautiana kwa hesabu nyingi, usiondoke: tairi linavuja, au wewe mwenyewe unayumba.

Tuchukue mfano wa njia ya kilomita 10, na mstari wa kipimo wa mita 400. Asubuhi wastani wa safari nne ni hesabu 4,400. Hiyo ni 11,000 kwa kilomita. Unazidisha kwa 1.001 (sababu yake itafuata) unapata 11,011. Kwa kilomita 10 unahitaji hesabu 110,110, nawe unapanda mpaka kaunta iongezeke kwa kiasi hicho, unaweka alama ya muda ya mwisho wa mbio. Unarudi kwenye mstari wa kipimo. Jua limeshapanda, tairi limejaa zaidi, na sasa wastani ni 4,396, yaani 10,990 kwa kilomita. Wastani wa asubuhi na wa baadaye ni 10,995. Ukizidisha kwa 1.001 unapata karibu 11,006. Ukigawanya 110,110 kwa 11,006 unapata kilomita 10.0045. Alama yako ya muda iko mbali kwa mita 4.5 kuliko ilivyopaswa, na unaweza kuirudisha nyuma kwa kiasi hicho. Marekebisho yote hufanywa mwishoni, kwa kalamu na kikokotoo, si kwa kukisia barabarani.

Joto linaingiaje katika kipimo?

Linaingia kwa milango miwili, na wapimaji wapya huichanganya.

Mlango wa kwanza ni tairi. Hewa ikipata joto inapanuka, gurudumu linakuwa kubwa kidogo, na hesabu kwa kila kilomita zinapungua, kama ulivyoona kwenye mfano. Ukianza alfajiri na kumaliza jua likiwa kali, kosa linakwenda upande salama, kwa kuwa njia inatoka ndefu kidogo. Hatari iko kinyume chake: unakalibrisha mchana, unapima jioni, baridi inaingia au mvua inanyesha. Tairi linasinyaa, kaunta inakimbia, unafika kwenye hesabu uliyoitaka kabla barabara haijatimia. Ndiyo maana hatukubali kipimo chenye kalibresheni ya kabla tu isiyo na ya baada.

Mlango wa pili ni tepu yenyewe. Tepu za chuma hutengenezwa ziwe sahihi kwenye nyuzijoto 20. Chuma hurefuka kwa sehemu 11.6 kwa milioni za urefu wake kwa kila nyuzi moja. Ukipima mita 300 kwenye lami yenye nyuzijoto 30, tepu imerefuka, na mstari wako kwa kweli una mita 300 na karibu sentimita 3.5. Linaonekana dogo, lakini ni kosa ambalo baiskeli italibeba kilomita baada ya kilomita: kwa marathoni linafika karibu mita 5. Tunapima joto la barabara pale pale tepu ilipolala, si joto la hewa lililotangazwa na idara ya hali ya hewa.

Mnaposema "njia fupi kuliko zote" mnamaanisha nini?

Nyoosha uzi katikati ya barabara iliyofungwa kwa ajili ya mbio, kutoka mwanzo mpaka mwisho, kisha uuvute ukaze. Uzi utagusa ukingo wa ndani wa kila kona na kukata mshazari kila mahali penye nafasi. Hiyo ndiyo njia tunayoipima, ila kwenye kona tunakaa sentimita 30 kutoka kwenye ukingo, kwa sababu hakuna anayekimbia akiusugua mguu kwenye jiwe la ukingo.

Kwa nini sentimita 30 na si mita moja, ambayo ni ya starehe zaidi kwa mwendesha baiskeli? Fanya hesabu. Ukiikata kona ya nyuzi 90 ukiwa mita moja kutoka ukingoni badala ya sentimita 30, unaongeza karibu mita 1.1 kwenye kipimo chako. Kona moja si kitu. Lakini njia ya mjini yenye kona 40 za namna hiyo itakupa mita 44 ambazo wakimbiaji wenye akili ya barabara hawatazikimbia, kwa kuwa wao watapita ukingoni. Wewe umeandika kilomita 42.195, wao wamekimbia pungufu. Kona peke yake zinatosha kumaliza wasiwasi wote wa mita 42 unaoruhusiwa.

Jambo hili linatulazimu kupima alfajiri sana au usiku, tukiwa na askari wa usalama barabarani, kwa sababu mshazari unaofuatwa na mkimbiaji kwenye barabara iliyofungwa unapita katikati ya magari barabara ikiwa wazi. Hapa ndipo vipimo vingi vya bei rahisi hukosea. Mpimaji anaogopa magari, na ana haki ya kuogopa, basi anakaa upande wake wa barabara mwanzo mwisho. Kipimo hicho hakifai hata kama kalibresheni yake ilikuwa safi kabisa.

Kwa nini mnaongeza asilimia 0.1?

Kwa sababu kila kipimo kina makosa yake, na hatutaki kosa liangukie upande wa kupungua. Nyongeza hii tunaiita kinga dhidi ya ufupi: mita 1 kwa kila kilomita, yaani mita 10 kwa kilomita 10, mita 21 kwa nusu marathoni, mita 42 kwa marathoni. Haiongezwi mwishoni kama kipande cha ziada cha barabara. Imo ndani ya hesabu ya kila kilomita, kama ulivyoona kwenye 1.001.

Kuna wakimbiaji wanaohisi wameibiwa mita hizo. Naelewa, hasa kwa aliyekosa lengo lake kwa sekunde mbili. Lakini fikiria mwingine aliyevunja rekodi ya nchi yake kisha akaambiwa baada ya mwaka mzima kwamba njia ilikuwa fupi kwa mita 9. Maumivu ya pili ni makubwa zaidi, na hayana dawa.

Saa yangu ilionyesha kilomita 42.7. Basi njia ilikuwa ndefu?

Kuna uwezekano mkubwa sana kwamba haikuwa ndefu.

Sababu ya kwanza ni wewe mwenyewe. Hukupita njia fupi kuliko zote. Ulipita nje ya kona kwa sababu ndani palijaa watu, ulikwepa kundi, ulihamia upande wa pili kuchukua maji, ukarudi. Kila kuhama ni mita kadhaa. Katika umati wa maelfu, mita 200 au 300 za ziada si ajabu.

Sababu ya pili ni saa. Saa haipimi umbali. Inakisia mahali ulipo kila baada ya muda mfupi kisha inaunganisha nukta hizo. Kila nukta inaweza kukosea kwa mita kadhaa, kushoto au kulia. Nukta zinazoyumba kuzunguka mstari ulionyooka zinatoa mstari wa kupindapinda, na uliopindapinda daima ni mrefu kuliko ulionyooka. Mawimbi yakigonga kuta za majengo marefu kabla ya kufika mkononi mwako, mambo yanakuwa mabaya zaidi.

Saa moja haithibitishi chochote. Saa mia mbili zikionyesha zote umbali ulio chini ya ule rasmi, hapo nitachukua baiskeli yangu.

Ule mstari wa buluu unaopakwa barabarani ndio njia iliyopimwa?

Unakaribia, lakini usiuape. Hupakwa kuwaongoza wakimbiaji kwenye njia fupi, na mpakaji wa rangi mara nyingine hukaa mbali na ukingo kuliko sentimita 30, au hukwepa mfuniko wa mtaro. Kilichothibitishwa ni kile kilichoandikwa kwenye ramani ya mpimaji.

Tunaweza kupima kwa gari, kwa gurudumu la kusukuma, au kwa ramani za kompyuta?

Kwa kupanga, ndiyo. Ramani ya kompyuta itakusaidia kujua kama wazo lako la njia liko karibu na kilomita 21 au 23, na itakuokolea siku nzima. Kwa cheti, hapana.

Kuna mbio kubwa zilizowahi kugundulika kuwa fupi?

Zipo, na ndizo zilizotufundisha karibu kila kitu.

Mwaka 1981 Mmarekani Alberto Salazar alikimbia marathoni ya New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 13. Ulitangazwa kuwa muda bora kuliko wote duniani, na siku hiyo hiyo Allison Roe wa New Zealand akatangazwa hivyo hivyo kwa upande wa wanawake. Njia ilipopimwa upya baadaye ikaonekana fupi kwa takribani mita 148. Kwa kasi ya Salazar hizo ni kama sekunde 27. Mwezi Desemba mwaka ule ule Rob de Castella wa Australia alikuwa amekimbia saa 2, dakika 8 na sekunde 18 huko Fukuoka, Japani, sekunde tano nyuma ya Salazar. Heshima ikahamia kwake, lakini baada ya miaka, shangwe zikiwa zimeshapoa. Hilo ndilo linaloniuma katika habari hii: alinyimwa siku yake, na hakuna aliyekusudia kumnyima.

Boston nayo, katika miaka ya 1950, ilikimbiwa kwa misimu kadhaa ikiwa pungufu kwa takribani kilomita moja. Hakuna aliyeipunguza kwa makusudi. Barabara zilitengenezwa, kona zikanyooshwa, njia ikafupika yenyewe huku kila mtu akiamini kuwa ni ile ile.

Karibu zaidi na siku zetu, marathoni ya Manchester nchini Uingereza ilikuwa fupi kwa mita 380 kwa miaka mitatu mfululizo, 2013, 2014 na 2015. Kwa mtu wa saa nne hizo ni zaidi ya dakika mbili. Maelfu ya watu walikuwa wameshatumia muda huo kuombea nafasi kwenye mbio nyingine. Na huko Scotland, mbio ya nusu marathoni ya Glasgow ya mwaka 2016 ilipungua karibu mita 150, na rekodi ya Scotland aliyoiweka Callum Hawkins siku hiyo ikafutwa.

Njia pia huweza kuzidi. Marathoni ya Brighton ya mwaka 2021 ilirefuka kwa mita 568, na waandaaji wakakiri kwamba ni kosa la kibinadamu.

Njia ikiwa imepimwa vizuri, inawezaje kuwa fupi siku ya mbio?

Kwa koni. Nasema kwa uzoefu: hofu yangu ya siku ya mbio haiko kwenye kipimo changu, iko kwa yule aliyeamka saa nane usiku, amechoka, ana gari lililojaa koni na ramani iliyolowa.

Chukua mahali pa kugeukia, ambapo wakimbiaji wanakwenda, wanazunguka koni na kurudi. Koni ikiwekwa mita 10 kabla ya msumari, njia inapungua mita 20, kwa kuwa kosa linahesabiwa kwenda na kurudi. Au chukua barabara pana iliyopimwa kwa sharti kwamba wakimbiaji wanabaki upande wa kushoto wa mstari wa katikati. Koni zisipopangwa, watu watakata mshazari upande wa pili, na watakuwa na haki, maana hakuna kilichowazuia. Njia imepungua bila mtu yeyote kukosea kukimbia.

Ndiyo maana tunapigilia misumari na kuandika umbali wa kila alama kutoka kwenye vitu visivyohama: nguzo ya taa yenye namba, mfuniko wa shimo la maji machafu, pembe ya ukuta. "Karibu na kituo cha mafuta" si maelezo. "Mita 4.32 kaskazini ya nguzo namba 17, sentimita 30 kutoka ukingo wa mashariki" ni maelezo. Rangi peke yake haitoshi kwa sababu barabara hupakwa lami upya.

Usiwaachie watu wa kujitolea kazi ya mahali pa kugeukia bila mtu anayeijua njia kusimama hapo. Yeye asiondoke mpaka mkimbiaji wa mwisho apite.

Cheti kinadumu muda gani?

Kwa kanuni za World Athletics, miaka mitano. Baada ya hapo njia ipimwe upya hata kama hakuna mabadiliko yanayoonekana. Mashirikisho ya kitaifa yanaweza kuwa na muda wao. Marekani, kwa mfano, ni miaka kumi.

Lakini muda huo ni wa njia ambayo haijaguswa. Wakijenga kipilefti, wakihamisha ukingo, wakijenga kituo cha mabasi, cheti kimekufa siku ile ile hata kama kina miezi miwili. Kuhamisha mwanzo wa mbio mbele kwa mita 30 ili jukwaa la wadhamini lienee ni kubadilisha njia pia. Nimeshaombwa hilo usiku wa kuamkia mbio, kwa upole na tabasamu. Jibu langu lilikuwa kwamba jukwaa lina magurudumu, msumari hauna.

Ili rekodi ya dunia ikubaliwe, urefu sahihi unatosha?

Hautoshi. Kuna masharti mawili ya umbo la njia. Mwanzo na mwisho, vikipimwa kwa mstari ulionyooka, visitengane kwa zaidi ya nusu ya umbali wa mbio, ili upepo wa mgongoni usiwasukume watu njia nzima. Na mwisho usiwe chini ya mwanzo kwa zaidi ya mita 1 kwa kila kilomita: mita 10 kwa kilomita 10, mita 42 kwa marathoni.

Wakenya wengi wanakumbuka tarehe 18 Aprili 2011. Geoffrey Mutai alishinda Boston kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 2, karibu dakika moja chini ya rekodi ya dunia ya wakati huo, saa 2:03:59 ya Haile Gebrselassie. Njia ilikuwa na urefu wake kamili. Lakini Boston hutoka mji mmoja hadi mwingine kuelekea upande mmoja, nayo hushuka zaidi ya mita 3 kwa kilomita. Kwa hiyo haikuandikwa kuwa rekodi ya dunia. Hakuna aliyesema Mutai hakukimbia. Kilichokataliwa ni kuilinganisha njia ile na nyingine zinazozunguka na kurudi.

Zaidi ya hayo, njia ya rekodi lazima iwe imepimwa na mpimaji wa daraja A au B anayetambuliwa na World Athletics na AIMS, umoja wa marathoni na mbio ndefu duniani. Mpimaji, au afisa mwenye sifa aliyeteuliwa naye, lazima awepo siku ya mbio, kwa kawaida ndani ya gari la mbele, kuhakikisha kwamba kilichokimbiwa ndicho kilichopimwa. Na njia hupimwa tena karibu sana na mbio, kabla au baada, isipokuwa kama mwanzoni ilipimwa na wawili wa madaraja hayo, angalau mmoja wao akiwa wa A, na mmojawapo akawepo kushuhudia. Rekodi za dunia za barabarani zilianza kutambuliwa rasmi tarehe 1 Januari 2004. Kabla ya hapo ziliitwa tu muda bora duniani, kwa sababu ya mashaka haya haya ya njia.

Bango la kilomita 30 lilikuwa mbele ya mahali pake. Mbio nzima ina kasoro?

Si lazima. Mabango mara nyingi hufungwa kwenye nguzo iliyo karibu, mita kadhaa kabla au baada ya alama halisi. Hilo huvuruga hesabu yako ya kasi ya kilomita moja, lakini halibadilishi urefu wa mbio.

Njia ikigundulika kuwa fupi baada ya mbio, waandaaji wafanye nini?

Waseme. Waseme mapema, wataje mita ngapi, na waeleze zilipotea wapi. Nafasi za washindi zinabaki, kwa sababu wote walikimbia njia ile ile. Kinachofutwa ni muda kama muda wa umbali ule. Wasitangaze "muda uliorekebishwa" kwa kuzidisha kasi kwa mita zilizokosekana, kisha kuuita matokeo. Makadirio ni makadirio, na mita 150 za mwisho za marathoni hazikimbiwi kwa kasi ya wastani.

Mimi ni mwandaaji. Niwe na nini mpimaji akija?

Uwe na uamuzi. Wapimaji wengi hupoteza siku nzima wakimsubiri mwandaaji aamue kama wakimbiaji watapita kushoto au kulia kwa kisiwa cha katikati ya barabara. Amua njia yote kwanza, jua ni sehemu gani za barabara zitafungwa na koni zitakaa wapi, upate kibali cha polisi na gari la kusindikiza. Tafuta mahali pa mstari wa kipimo usio mbali na njia yenyewe, ili tairi lisibadilike sana kati ya kalibresheni na kazi. Acha sehemu moja inayoweza kurefushwa au kufupishwa, mathalani mahali pa kugeukia, maana njia haitatokea kilomita 21.0975 kwa bahati. Na usichapishe fulana zenye ramani kabla kipimo hakijakamilika.

Njia za vumbi, milima na misitu zinathibitishwa namna hii?

Kipande kifupi cha vumbi lililoshikana ndani ya mbio ya barabara kinapimika, ingawa gurudumu hutenda tofauti kwenye changarawe na mpimaji anapaswa kuwa mwangalifu. Mbio za milimani na za misituni hazithibitishwi kwa kiwango hiki. Mizizi, mawe na matope havina ukingo wa kukaa sentimita 30 kutoka kwake.

Ninataka kujifunza upimaji. Nianzie wapi?

Anzia kwenye mstari wa kipimo, si kwenye njia. Funga kaunta, jaza tairi upepo mpaka ligonge kama mbao, panda mita 300 zilizonyooka, andika hesabu, rudi, andika tena. Siku ya kwanza namba zako zitatawanyika kwa sababu gurudumu la mbele linayumba bila wewe kujua, na kila kuyumba kunaongeza hesabu. Endelea mpaka safari nne zitofautiane kwa hesabu moja au mbili. Panda kila mara na mzigo ule ule: ukibeba chupa ya maji kwenye kalibresheni, ibebe na kwenye njia.

Baada ya hapo omba kumfuata mpimaji mwenye daraja kwenye kazi yake, na nyote wawili mpime njia ile ile kila mtu kwa baiskeli yake bila kuonyeshana namba. Mkilinganisha jioni, usimuulize ni nani aliyepatia. Nendeni pamoja kwenye kila kona ambapo vipimo vyenu vimeachana, mkatazame alama za matairi.